Umeme Unaishia Wapi Ndani ya Plazma?

Juzi niliwatajia wanafunzi wangu wa kidato cha sita hapa Mwanza jaribio la mwaka 2007 la maabara ya SLAC, California. Baadhi ya elektroni ziliingia kwenye plazma (gesi ambayo atomi zake zimetenganishwa kuwa elektroni na ioni, yaani mabaki ya atomi yenye chaji) zikiwa na nishati ya elektronivolti bilioni 42 (elektronivolti ni kipimo cha nishati ya chembe), zikatoka na karibu mara mbili yake. Kuzifikisha bilioni 42 kulihitaji mashine yenye urefu wa takribani kilomita 3. Plazma ilikuwa sentimita 85 tu. Binti mmoja akanyoosha mkono: “Mwalimu, sasa umeme wote huo unaishia wapi?”

Hilo ndilo swali lenyewe.

Kwenye mashine ya kuongezea elektroni kasi kwa plazma, elektroni hurushwa kwa mafungu mawili yanayofuatana. Fungu la kwanza linapopenya plazma, linazisukuma pembeni elektroni linazozikuta. Ioni ni nzito, zinabaki palepale. Zile zilizosukumwa zinavutwa kurudi, zinapitiliza, na nyuma ya fungu linazaliwa wimbi lenye uga mkali mno wa umeme. Nenda Mwaloni, Kirumba, uangalie boti ya injini ikitoka: wimbi linabaki nyuma, linakuja kupiga mawe, na petroli iliyoliinua imeshalipiwa. Kwenye plazma, fungu la pili la elektroni ndilo linalotakiwa kulipanda wimbi hilo na kuichukua nishati yake kabla haijageuka joto.

Kuichukua kunataka ustadi. Fungu la pili likiwa dogo, sehemu kubwa ya wimbi inapotea bure. Likizidi, elektroni za mbele zinasukumwa sana na za nyuma kidogo, nalo fungu linaharibika. Likikaa mahali pake na kwa umbo lake, uga wake lenyewe unalisawazisha wimbi, na elektroni zote zinasukumwa karibu sawa. Napenda sana fizikia ya hapa: upangaji uleule unaookoa nishati ndio unaolinda ubora wa fungu.

Mwaka 2014 SLAC walifikisha hadi asilimia 30 hivi ya nishati ya wimbi kwenye fungu la pili. Mwaka 2021 maabara ya DESY, Hamburg, Ujerumani, wakafika asilimia 42. Mwaka 2024 hapohapo DESY fungu la kwanza liliiachia plazma asilimia 57 ya nishati yake. Ni majaribio mawili tofauti, lakini ukizidisha unapata karibu asilimia 24 kutoka fungu hadi fungu, na hapo hujahesabu umeme wa kulitengeneza fungu la kwanza. Wanaotumia leza kuinua wimbi badala ya fungu la kwanza wana mlima mrefu zaidi: leza za titani na yakuti samawi hugeuza kuwa mwanga chini ya asilimia 1 ya umeme zinaokula. Ndiyo maana nikisoma habari za rekodi mpya natafuta asilimia kwanza, elektronivolti baadaye.

Halafu kuna joto. Mwaka 2022 DESY walionyesha kwamba plazma hutulia baada ya nanosekunde 63 hivi (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde), kwa hiyo kimsingi mamilioni ya mafungu kwa sekunde yanawezekana. Kila wimbi lisilomalizwa linaacha joto, na ukuta wa kibomba cha plazma ndio utakaolibeba. Watafiti wanaweza kuhangaika na upoozaji, lakini mimi ningeanza na fungu la pili: lichukue zaidi, libaki joto kidogo la kupoozwa.