Nilivyosaka theluji Minnesota, Desemba iliyokosa baridi

Desemba 2023 nyasi za Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, zilikuwa wazi, kahawia tupu. Skii zangu, zile mbao ndefu za kuteleza kwenye theluji, zilikuwa zimeegemea ukuta wa korido tangu Novemba, zikimwangukia kila anayepita. Mama akapiga simu kutoka Tanga. Baada ya shikamoo nikamwambia natafuta theluji. Akacheka: "Theluji? Si hiyohiyo iliyokuliza mwaka wa kwanza?"

Kweli iliniliza. Sasa ndiyo inayonitoa ndani miezi minne ya giza, na mwaka huo ikagoma.

Kosa langu lilikuwa kufukuza mawingu. Jumamosi moja niliona picha ya njia nyeupe, nikaendesha gari hadi Duluth, kama kilomita 250 kaskazini. Mjini, kando ya Ziwa Superior, manyunyu. Ziwa lile mwanzoni mwa baridi bado limeshikilia joto la kiangazi, kwa hiyo ufukweni hunyesha mvua huku kilimani theluji inadondoka. Nikapanda kilimani. Ilikuwepo, vidole viwili juu ya mawe. Mlio wa jiwe likikwaruza skii mpya nausikia mpaka leo.

Kwenye maegesho nilimkuta mzee mmoja, skii zake zimechakaa kama ubao wa kukatia nyama. Hizo, akasema, ni za Desemba tu. Nzuri ziko nyumbani. Akaniambia pia niache mawingu, nitazame usiku usio na mawingu.

Usiku kama huo ndio wa mashine za kutengeneza theluji: hurusha matone madogo ya maji yagande kabla ya kutua. Hewa ikiwa kavu, sehemu ya tone hugeuka mvuke na kuondoka na joto, basi mashine hufanya kazi hata baridi ikiwa karibu na sifuri. Hewa ikiwa na unyevu, lazima baridi ishuke zaidi. Unyevu nilikuwa siufuatilii kabisa!

Kuanzia hapo nikawa kama mtu wa mtaa wenye mgao wa maji, anayejua bomba hutoka saa nane za usiku. Jioni naangalia nyuzi joto na unyevu. Zikipita siku mbili za usiku mkavu, wenye baridi, kesho yake naenda Hyland Lake Park Reserve, bustani ya umma Bloomington, jirani na Minneapolis, wanakotengeneza theluji. Nikienda alfajiri nakuta imekuwa ngumu kama vigae. Mchana ni uji. Saa nne kasoro ndiyo saa yangu. Ubaya ni msongamano: mji mzima unagombea mzunguko mmoja, Kariakoo ya watu wenye fimbo, na watoto wa shule wanakupita kama umesimama.

Krismasi ikanyesha mvua, si ya mchezo. Nikajua basi, imekwisha. Lakini theluji ya mashine imeshikamana kuliko ya mbinguni, na hurundikwa nene, kwa hiyo haiyeyuki upesi. Nilipokwenda siku chache baadaye ilikuwa bado ipo, ukanda mwembamba mweupe katikati ya nyasi zilizolowa. Nilichukua skii za zamani nilizonunua mtumba, nikampigia mama kwa video.

"Ndiyo hiyo? Mbona kama mkeka umeanikwa?"

"Ndiyo hiyohiyo, mama. Subiri, nazunguka tena."