Siku moja kazini: natembeza wageni katika stesheni ya treni ya Grand Central, New York

Saa moja asubuhi nimeshafika. Treni za kutoka viungani zinashusha watu wanaowahi makazini, nami nasimama kando ya kibanda cha maelezo, chini ya ile saa ya nyuso nne. Watu wanakatizana kila upande na wanapishana bila kusukumana. Nalipenda jengo hili kwa sababu hiyo, kuliko hata uzuri wake.

Saa tatu linakuja kundi la kwanza. Simu zote juu, picha za dari lenye nyota. Ndiyo, nyota zimechorwa kinyumenyume. Nikishawajibu hilo, nawapeleka kwenye njia za mteremko zinazoshuka ghorofa ya chini. Stesheni ilipofunguliwa tarehe 2 Februari 1913, abiria walikuja na masanduku mazito, na kwenye ngazi umati hukwama. Hapa mtu anatembea tu mpaka mlango wa reli yake: wakati ule treni za mbali zilikuwa juu, za viungani chini.

Kupanga reli kwa ghorofa mbili hivi kusingewezekana kwa injini za mvuke. Januari 1902, ndani ya handaki la kuingilia stesheni ya zamani, lililojaa moshi, dereva hakuziona taa za ishara akaigonga treni iliyosimama. Walikufa watu wasiopungua 15. Sheria ikapiga marufuku mvuke Manhattan kuanzia 1908, na mhandisi William Wilgus akapendekeza treni za umeme na stesheni mpya. Hapa huwa siharakishi, maana wageni wengi hawajui kwamba fahari yote hii ilitokana na msiba.

Saa sita tuko nje ya mgahawa wa Oyster Bar, chini ya matao ya vigae yaliyojengwa na kampuni ya Guastavino. Nawaweka wawili kwenye pembe zinazotazamana, kila mmoja ameelekea ukuta. Leo binti anamnong'oneza babake, na baba anageuka kwa mshangao: sauti imepanda na tao ikamfikia sikioni.

Saa nane, Vanderbilt Hall, uliokuwa ukumbi wa kusubiria. Mabenchi ya mbao hayapo tena. Wanawake walikuwa na chumba chao cha kusubiria, na palikuwa na vinyozi na vyumba vya kubadilishia nguo. Wanaosubiri walikaa pembeni ili wasiwazuie wanaopita, na waliokuja kupokea jamaa zao walikuwa na chumba kingine kabisa, kinachoitwa Biltmore Room. Ningetamani wanaochora stesheni za leo waje walitazame hili kwa makini.

Saa kumi na moja jioni umati umerudi. Mama mmoja ananiuliza njia huku anahema, mtoto mgongoni. Namwambia, "Usikimbie, dada. Hapa treni huondoka dakika moja baada ya muda ulioandikwa ubaoni." Namwonyesha mteremko, anashuka nao akivuta begi lake.