Mzee Priam usiku wa leo

Leo darasani tumefika kitabu cha 24, cha mwisho katika Iliad ya Homer, utenzi wa kale wa Kigiriki kuhusu vita vya Troy, na machozi yamenitoka mbele ya wenzangu. Priam, mfalme wa Troy, mzee, anaingia kambi ya adui usiku kuukomboa mwili wa mwanawe Hector. Anapiga magoti, anaibusu mikono ya Achilles, shujaa wa Wagiriki, mikono ileile iliyomuua mwanawe, na kumwambia: mkumbuke baba yako. Wakalia wote wawili, kila mmoja na msiba wake.

Kisha Achilles anamkaribisha chakula! Mwalimu akatueleza xenia, ile haki ya mgeni kwa mwenyeji, ambayo Wagiriki waliamini Zeus mwenyewe anailinda. Mimi niliyelelewa kwa “mgeni njoo, mwenyeji apone” nilielewa kabla hajamaliza kueleza. Ndipo nikaona uzito wa zile siku 11 ambazo Achilles alikubali kusitisha vita ili Hector aliliwe na kuzikwa kwa heshima.

Tumesoma pia Athens ya kale, mji wa Wagiriki, jinsi wanawake na watumwa walivyonyimwa kura. Hayo nitayaandika siku nyingine, nina mengi.

Nimetoka darasani nikampigia baba simu. Tumeongea saa nzima.