Kondoo sita na ndege wa kifua cha njano

Shamba letu liko Kinangop, kwenye uwanda ulio zaidi ya mita 2,400, kati ya milima ya Aberdare na Bonde la Ufa. Baba aliponikatia ekari tatu, majirani walinishauri nifanye kama wao: niite trekta, ning'oe vile vishungi vya nyasi ngumu, nipande viazi. Walisema vishungi havina faida, hata ng'ombe hawavitaki.

Kilichonizuia ni ndege. Ana kifua cha njano chenye mkufu wa michirizi myeusi, na kitaalamu anaitwa Macronyx sharpei. Hapatikani nje ya Kenya, naye yumo hatarini kutoweka. Kiota chake ni kikombe cha nyasi kavu, kimefichwa chini kwenye shina la kishungi. Mti hauna kazi kwake, kwa hiyo hii mikaratusi tunayopanda kila kona inamfukuza tu.

Mwaka wa kwanza nilikosea. Nilidhani kumsaidia ni kuliacha shamba lipumzike, nikawatoa kondoo wote. Mvua iliponyesha, nyasi zikanifika magotini. Wakaja wale ndege weusi ambao madume yao huburuta mikia mirefu, nami nikafurahi sana, mpaka nikakumbuka kwamba yule wangu sijamwona kwa wiki kadhaa. Yeye hutafuta panzi na mende kwa kutembea. Nyasi ndefu zilimfungia njia.

Nikarudisha kondoo kwa pupa, kumi na wanne. Walipakwangua, wakakanyaga kiota chenye mayai mawili nilichokuwa nimekiona juzi yake. Siku hiyo sikula.

Sasa nina sita. Hao wanatosha kupunguza nyasi laini katikati, huku vishungi wakiviruka kwa sababu ni vigumu kama kamba. Mvua zikianza, ambapo ndege huanza kutaga, nawafunga upande wa barabarani. Asubuhi napita polepole. Ndege akiruka karibu na miguu yangu, nachomeka kijiti hatua kumi kando. Sikichomeki penye kiota, kunguru wanaona.

Msimu huu nina jozi mbili. Mama hucheka kwamba wenzangu wanafuga ng'ombe wa maziwa, mimi nafuga ndege wa watu. Lakini kiota cha pili ni yeye aliyekiona, akikata nyasi za sungura, akaniita kwa kunong'ona.