Picha za maulidi, marafiki na safari, navyoposti mi bila kununiana na mtu

Watu wananiuliza sana inboksi, we dada mbona unaposti za maulidi, za marafiki, za safari na hatusikii ugomvi, sisi tukiweka moja tu grupu la familia linawaka. Nimeona niandike mara moja maana kumjibu mmoja mmoja bando linaisha. Mi niko Tanga, Ngamiani huku, mji ambao ukipita na baiskeli barabara ya nane umempakia mtu, kabla hujafika ya kumi na mbili nyumbani washajua umempakia nani na alivaa nini. Sasa hapo ongeza na simu.

Ieleweke tu sio mpiga picha wa kazi, simu yangu ya kawaida kioo kina ufa, na wafuasi wangu wengi ni ndugu na watu niliosoma nao. Nilichofanikiwa ni kimoja, watu waliomo kwenye picha zangu ndo wenyewe wananisumbua we mbona hujaposti. Kufika hapo ilichukua muda na kuongea na watu wengi, kuliko hata kupiga izo picha.

Nianze na dini maana ndo pagumu. Mfungo sita, mwezi aliozaliwa Mtume, ukiingia huku kwetu karibu kila mtaa una maulidi yake, madrasa zinatoka na kanzu zimenyooshwa, madufu yanaota moto pembeni ili ngozi ikaze, na watu wetu walio Dar na walio Muscat wanaanza kupiga simu, tutumieni picha jamani tumemiss. Kwaiyo haja ya picha ipo, tatizo ni nani anapiga na anapiga nini. Mi nilienda kwa ustadhi kabla ya siku yenyewe, baada ya alasiri, nikaenda na kaka angu maana kumfata ustadhi peke yangu barazani nisingeweza. Asalaam aleikum, waaleikum salaam, karibuni wanangu. Nikasema ustadhi naomba ruhusa nipige picha za maulidi niwatumie ndugu walio mbali. Akaniuliza swali moja tu, "Na hao wasio ndugu zetu, nao wataziona?" Nikamwambia hiyo ndo naomba tuiongee.

Tukaongea mpaka kahawa ikapoa. Masharti yake yalikua mepesi kuliko nilivyodhani. Watu wakiwa kwenye sala hakuna picha, hata kwa mbali. Kwenye kiyamu, pale kisomo cha Barzanji, kile cha kuzaliwa Mtume, kinapofika watu wanasimama, mtu asisogeze simu kwenye uso wa mwenzie, maana wengine hapo machozi yanawatoka na hayo machozi sio ya kuangaliwa na watu Facebook. Na upande wa wanawake, hapana kabisa. Hilo la mwisho hata asingelisema, mi mwenyewe ndo nakaa upande huo, najua joto likizidi ushungi unashushwa, mtu ananyonyesha, mtu kavua baibui. Simu yangu huko inakaa kwenye pochi na pochi nimeikalia.

Mkaniuliza sasa unapiga nini? Vitu vingi! Chetezo kinafuka udi. Mrashi wa shaba, kile chombo cha kunyunyizia marashi, mkononi mwa mtu, sura haionekani. Viatu mlangoni vimerundikana hujui chako kipi. Masinia ya pilau yanapita juu ya vichwa. Watoto wa madrasa wamejipanga kwa nyuma, kofia tupu. Kasida na dufu kaka angu anapiga yeye upande wa wanaume, mi nachagua. Na ntawaambia ukweli izo picha za mikono na vyetezo ndo zinapendwa kuliko sura, kuna mjomba yuko Muscat aliona ule mrashi tu akanipigia simu, huo si wa marehemu bibi yenu huo, akaongea robo saa nzima.

Upande wa pili, nina rafiki angu wa Chumbageni ni mlutheri, mdogo wake alipata kipaimara na mi nikaalikwa nikaombwa nipige. Nikauliza maswali yaleyale, akaniulizia kwa mchungaji, jibu likaja piga wakati wa kwaya na nje baada ya ibada, ila wakati wa Chakula cha Bwana weka simu chini. Unaona, dini mbili na masharti karibu yaleyale, pale mtu anapoongea na Mungu wake simu ikae. Nilipoziposti wapo walioanza, dada vipi umehamia huko? Nilishajiandaa, kapsheni yangu ilisema wazi nimesindikiza rafiki, kipaimara cha mdogo wake, hongera zake. Kapsheni ikieleweka komenti za uchokozi zinapungua, na zikibaki mbili tatu mi sijibu, shangazi zangu wanajibu kwa niaba, na shangazi zangu mdomo wanao.

Sasa nani anaona nini. Hapa ndo siri yenyewe. Ni kama chakula cha shughuli, kuna sinia la ukumbini na kuna sahani ya jikoni, ukizichanganya lazima mtu anune. WhatsApp stetasi ni ya jikoni. Nimeingia kwenye faragha ya stetasi nikachagua watu wa kuona wale tu niliowatia tiki, sio anwani zangu zote, maana kwenye simu nna namba ya muuza mkaa, fundi baiskeli, na mwalimu wangu wa zamani. Inakaa saa 24 inapotea. Alafu kitu ambacho wengi hawajui, kama wewe una namba ya mtu na yeye hajaseivu yako, hataona stetasi yako, kwaiyo shangazi akilalamika umemficha cheki kwanza kama kakuseivu baada ya kubadili laini, mara nyingi kesi inaishia hapo.

Facebook mi naitumia kwa albamu za familia kwa sababu kila posti unaichagulia watu wake, hii marafiki, hii umma, hii mimi tu. Instagram haikupi uhuru huo kirahisi, ukifunga akaunti imefungwa yote, ukiacha wazi iko wazi yote, ukitoa zile stori za marafiki wa karibu zenye duara la kijani, na siku hizi hata posti unaweza kuwawekea hao marafiki wa karibu tu. Kwaiyo insta naweka sinia la ukumbini tu, mandhari, majengo, bahari, chakula, na sura za waliosema kwa mdomo wao niweke. Kuna mtu atasema mambo mengi, mbona wengine wanaposti tu. Sawa, ila mi naishi Ngamiani na hao watu nakutana nao gengeni asubuhi.

Marafiki nao wana yao. Tuko kundi la wasichana tumesoma pamoja, mmoja anavaa nikabu, mmoja ameolewa na mume hapendi mitandao, mmoja ukimposti bila filta anakublok wiki nzima, na yule wa Chumbageni. Kabla ya safari kwenye grupu kila mtu anatuma voisi, natoka kwenye picha, au sitoki, au natoka bila sura. Voisi sio meseji, maana kwenye voisi unasikia kama mtu anakubali kwa roho moja au anakubali kwa sababu wenzie wamekubali. Ukisikia ile "mmh sawa tu wekeni" jua huyo hataki. Mwenye nikabu kumbe ndo anapenda picha kuliko wote, tunampiga kwa nyuma anaangalia bahari, au mikono yenye hina ameshika dafu, na izo ndo anaziweka profaili.

Safari iliyonifundisha vizuri ni ya Bagamoyo. Kutoka Tanga tukapita Segera, Mkata, tukavuka Wami, tukashuka Msata na pale tukachukua gari ya kuingia Bagamoyo kwa ile barabara ya lami. Njia nzima hakuna kuposti, hilo tulikubaliana. Sababu ya kwanza nyumba, ukiandika tuko njiani ushamwambia mwizi mlango umefungwa. Sababu ya pili shangazi na habari zake za kijicho, siwezi kubishana nae. Ya tatu, mmoja wetu alikua hajaaga vizuri ukweni, hiyo tuiache. Picha zinalala, tukirudi ndo zinatoka, na loukesheni naandika jina la mji tu basi. Pia zima loukesheni kwenye kamera ya simu, maana simu nyingi zinaandika ndani ya picha sehemu ulipoipigia. Ukituma WhatsApp kama picha ya kawaida yale maandishi yanaondoka, ila ukituma kama dokyumenti ili isipoteze ubora yanabaki, na sisi wote tunapenda kutuma dokyumenti.

Kaole iko kama kilomita 5 kusini mwa mji, tulienda na bajaji. Magofu ya msikiti ambao wanasema ni wa karne ya 13, kibla bado unaiona, na makaburi ya kale yenye minara, zamani ilipachikwa mabakuli ya kichina. Pale watu wanapanda juu ya kaburi wanapiga selfi mguu mmoja mbele. Mi siwezi. Hata kama ni la miaka mia saba ni la mtu, na ni muislamu mwenzangu. Tena kuna kaburi la Sharifa, watu mpaka leo wanakwenda kuomba dua na kuacha sadaka, siku ile alikuwepo mama mmoja amekaa anaomba. Tukasimama mbali mpaka amemaliza, tukamwamkia shikamoo mama, marahaba wanangu mmetoka wapi, Tanga, eeh Tanga! akawa anatuuliza yeye habari za huko. Tukamwomba tupige kaburi lenyewe, akasema pigeni ila mi msinitoe. Basi nikageuza simu nikamuonyesha kabla sijaseivu, hata ncha ya kanga yake haimo, akacheka. Hii ya kumgeuzia mtu simu aone nawashauri sana, inafanya kazi kuliko maelezo mengi.

Misheni ya wakatoliki tulienda mchana, mapadri wa Roho Mtakatifu walifika pale 1868, na kuna mnara wa kanisa la zamani ambao kila mtu anapiga na kuandika Livingstone, Livingstone. Mwili wake ulilazwa pale Februari 1874 kabla ya kupandishwa meli, ni kweli. Ila alifia Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873, moyo wake ukazikwa kulekule, na waliobeba mwili zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu mpaka pwani ni watumishi wake, Chuma na Susi na wenzao. Sasa kapsheni ya watu wote inamtaja aliyebebwa, waliobeba hawamo. Yangu nikaanza na Chuma na Susi. Ikapata komenti kuliko picha yoyote ya safari ile, watu wazima wanabishana kwa heshima, mwalimu mmoja mstaafu akaongeza maelezo marefu, na hakuna aliyeuliza nani kavaa nini. Toka hapo najua kapsheni yenye jambo ndani inavuta macho kutoka kwenye sura za watu, na sura za rafiki zangu zinapumzika.

Ile voisi ya ruhusa nimeiongezea kitu kingine, ruhusa ya kutoa. Mtu akiniambia toa, natoa hapohapo, siulizi kwanini. Mmoja aliachika akaomba nitoe za harusi, nyingine bado ziko mwaka wa tatu huu. Skrinishoti siwezi kuzizuia, hilo nawaambia mapema wasije wakadhani nna uchawi. Na za mapango ya Amboni, pale ndani kuna sehemu watu wanaweka vitu vya tambiko, sijawahi kuzipiga wala kuziposti, mwenye imani yake hayupo pale nimuombe ruhusa, na muongoza watalii hawezi kunipa ruhusa ya vitu visivyo vyake.

Bibi yangu hana simu ya kioo, hizo hesabu za umma na marafiki hazimhusu. Yeye nampelekea studio wanamsafishia kwenye karatasi, kila baada ya shughuli chache chache, kwa nyuma naandika kwa peni majina, mahali na mwaka. Anazisoma kwa kuzisogeza mbali, alafu ananisahihisha, huyu sio fulani huyu ni pacha wake. Nikirudi nyumbani narekebisha kapsheni kule Facebook. Simu ikijaa nahamishia kwenye memori kadi, nakala nyingine kwenye laptopu ya kaka, folda kwa mwaka na mahali, 2023 Pangani, 2024 Bagamoyo, na zile za waliosema sitoki ziko folda ya peke yake yenye nywila, huwa nawatumia wenyewe tu siku zao za kuzaliwa.