Themostati haing'olewi: nilivyoitibu BMW yangu hapa Pemba

Themostati ni valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Kila BMW inayochemsha hapa Chake Chake huandikiwa dawa moja: "Ing'oe themostati uitupe, huku kwetu joto, ya nini?" Nimeisikia gereji, nimeisikia barzani, nimeisikia hata bandarini Mkoani kwa mtu ambaye hajapata kumiliki gari. Naandika kwa sababu gari langu limepona bila ya dawa hiyo, na aliyeliponya ni mimi mwenyewe.

Gari ni 320i ya 2003, umbo la E46, injini ya M54 ya silinda sita, giaboksi otomatiki. Mjini ilikuwa inakwenda vizuri, lakini ikianza kupanda vilima vya njia ya Mkoani taa ya maji inawaka, na ukifungua boneti unapokewa na harufu tamu ya kulanti, dawa ya kupozea injini.

Ugonjwa wenyewe ni plastiki. Tangi dogo la maji, shingo za rejeta na nyumba ya themostati vyote ni vya plastiki, na plastiki iliyopata moto na kupoa kwa miaka ishirini huvunjika kama biskuti. Bloki na hedi (kichwa cha injini) ya gari hili ni za aluminiamu. Ikichemsha kwelikweli, nyuzi za bolti za hedi hung'oka ndani ya bloki, na hapo matengenezo yanaweza kupita bei ya gari. Kwa hivyo tangi likipasuka, usibadilishe tangi peke yake. Badilisha na mipira ya maji, themostati na pampu ya maji, maana vimezeeka pamoja.

Na themostati ya M54 ina umeme. Yenyewe hufunguka kwenye joto la nyuzi 97 hivi, na kompyuta huweza kuifungua mapema injini ikielemewa na mlima. Ukiitoa, injini haifikii joto lake, kompyuta inazidisha petroli na oili inachafuka upesi. Halafu imeunganishwa na nyumba yake, kitu kimoja, kwa hivyo hao wanaosema wameitoa huwa wameikata matumbo.

Spea niliagiza Kariakoo, Dar. Taja tarakimu saba za mwisho za namba ya chesesi, ukisema "BMW 320" tu utaletewa ya injini nyingine. Zilivuka bahari mara mbili, na jumla pamoja na usafiri ilikuwa laki sita na kitu. Kufungua na kufunga ni kazi ya asubuhi moja.

Kazi iliyonitoa jasho ni kutoa hewa iliyobaki kwenye njia za maji. Nilitia kulanti ya buluu nusu kwa nusu na maji ya betri (si ya kisima, hata kama unayanywa, yana chokaa), swichi ikiwa imewashwa bila injini, hita imewekwa moto wa mwisho na feni polepole. Skrubu ya kutolea hewa ikawa inatoa mapovu, nikatia, ikatoa tena, mpaka adhuhuri. Nikafunga, nikawasha, na hita ikapuliza baridi. Maana yake hewa ingali imejificha ndani. Jirani yangu akaja na lake: "Si nilikwambia, sheikh, toa themostati?"

Sikumjibu. Pemba tuna neema kuliko watu wa Unguja, nayo ni vilima. Injini ilipopoa tukaisukuma gari mpaka kwenye mteremko nyuma ya skuli, pua juu, mawe nyuma ya magurudumu. Tangi na skrubu sasa vikawa ndiyo sehemu ya juu kabisa, na hewa haina pengine pa kwenda. Nikatia polepole, kikombe kwa kikombe. Yakatoka mapovu makubwa, yakafuata madogo, halafu kulanti safi isiyokatika. Nikaikaza skrubu kwa vidole na robo ya bisibisi tu, nayo ni plastiki. Nilipowasha, hita ilitoa moto wa kuchoma mkono, nikapiga takbiri palepale.

Sasa sikiliza hili, maana hapa mafundi wengi hawalijui. Mshale wa joto wa E46 hauaminiki. Umetengenezwa ukae katikati kuanzia kama nyuzi 75 hadi zaidi ya 110, kwa hivyo ukija kusogea umeshachelewa. Joto la kweli limefichwa kwenye dashibodi: bonyeza na ushikilie kitufe cha kushoto cha kilomita huku ukizungusha ufunguo hatua ya kwanza, itatokea menyu ya siri, nenda namba 19 uifungue kufuli, kisha namba 7. Hapo unasoma nyuzi moja moja. Nilipanda mpaka Mkoani nikiitazama, gari imejaa watu na mizigo, ikabaki tisini na kitu njia nzima.

Iliyobaki ni gasketi ya kava ya valvu, oili inadondokea egzosi na kunuka kila nikisimama. Imeshapakiwa Dar, na boti ikifika nitaifunga mwenyewe.