Salamu ya shilingi laki sita

Laki sita za Uganda. Hizo ndizo bendi yetu imekatwa Jumamosi ya juzi kule Masaka kwa sababu nilishika maiki nikasema, "Habari za jioni, wana Masaka, hamjambo?" Basi. Hakuna tusi, hakuna siasa, sikugusa dini ya mtu. Salamu.

Tulipatana na mwenye baa milioni moja na nusu. Laki tano alitanguliza kwa simu, milioni ilikuwa tupewe tukimaliza kupiga. Wimbo wa pili haujaisha, mzee mmoja wa meza ya mbele, mwenye koti safi na kofia, akainuka, akasema kwa sauti "olulimi lw'ababbi", akalipa bili yake na kuondoka na wenzake watano. Maana yake ni lugha ya wezi. Tulipiga mpaka saa nane usiku, watu wakacheza, wengine wakapanda jukwaani kututuza. Wakati wa kufunga vyombo mwenye baa akaniita jikoni, akanihesabia laki nne mkononi. Nyingine akasema amejilipa hasara ya meza ya mbele, maana meza ile hunywa mpaka asubuhi.

Ndugu zangu, mimi nimezaliwa Tanga, Ngamiani. Kiswahili nimeimbiwa nacho tumboni. Mji wetu ulitoa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, ulitoa taarabu ya Black Star na Lucky Star, na nyimbo hizo zilivuka mipaka yote hii zikiwa na Kiswahili chake kilekile. Leo mtu ananiambia ni lugha ya wezi, mbele ya watu, na bado hela zangu zinakatwa. Nililia garini, na sioni aibu kusema.

Dereva wetu tunamwita Ssalongo, ana mapacha. Ni mtu wa Katwe, Kampala, na si mwepesi wa maneno. Tulipopita Lukaya, saa tisa usiku, wauza gonja, zile ndizi za kuchoma, wameshazima majiko yao, ndipo akafungua mdomo. Akaniambia yule mzee wa kofia yeye anamwelewa. Miaka ya themanini mwanzoni, enzi za utawala wa pili wa Obote, mliamka alfajiri mkakuta mtaa umezungukwa na wanajeshi, na neno lililosikika lilikuwa moja tu: panda gari, panda gari. Kaka yake mkubwa alipanda. Hakurudi. Ssalongo alikuwa na miaka tisa, na anasema Kiswahili chote alichokijua wakati ule kilikuwa maneno manne: panda gari, lala chini, toa pesa, wapi bunduki.

Nikanyamaza mpaka Kayabwe pale kwenye ikweta.

Haya mambo nilikuwa nayajua nusunusu. Najua kwamba jeshi la mkoloni, KAR, liliamrishana kwa Kiswahili, na majeshi yote yaliyofuata yakarithi. Najua Amin ndiye aliyekitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na lugha ikibebwa na mtu kama yule inachafuka naye. Halafu wakaja askari wetu. Baba yangu mdogo alikuwa mgambo vitani mwaka 1979, na kwetu tukilelewa tulisimuliwa ukombozi tu. Waganda wenyewe waliwaita bakombozi, na wazee wengi Kampala wakisikia natoka Tanzania wanataja neno hilo kwa shukrani. Lakini Masaka ni mji ambao jeshi letu liliupiga na kuubomoa Februari ile, kulipiza uvamizi wa Kagera. Shuleni hilo halikufika ubaoni. Na mimi nimesimama hapohapo, Mtanzania, nikiwaamkia kwa lugha ileile.

Naelewa. Bado laki sita zangu nazitaka. Mzee wa kofia ana haki ya kuondoka, hata ya kunitukana pengine anayo. Mwenye baa hana haki ya kuuza bia kwa muziki wetu usiku kucha halafu anilipishe vita ya mwaka 1979.

Maana hamjui hela hizi zinavyotafutwa. Sisi ni watu sita na dereva, hatuna kampuni inayotusimamia, hatuna mdhamini, nyimbo tunarekodi kwa hela zetu. Gari ni Hiace ya kukodi, laki mbili na nusu kwa siku bila mafuta. Petroli lita moja imewahi kupita elfu tano ya hapa. Na tunajaza wenyewe, maana hatubebi abiria wa kuchangia. Spika mbili kubwa, mikisa, drams, ampu yangu ya besi, jenereta dogo la kukopa: vyote vinaingia ndani kabla ya binadamu. Mpiga kinanda hulala juu ya mabegi ya drams. Dada yetu mwimbaji hukaa mbele kwa sababu koo lake ndilo linalotulisha. Chakula ni rolex, yaani chapati na yai, au kikomando, chapati na maharage, kama hela imekatika. Ukipata Namawojjolo kwenye barabara ya Jinja siku ya malipo, unakula kuku wa kijiti kama bwana harusi. Kulala ni gesti ya elfu thelathini, watatu kitanda kimoja, mmoja analinda vyombo garini kwa zamu. Na hata ukilipwa kwa simu, ukitoa hela unakatwa ada ya wakala na kodi ya nusu asilimia juu yake.

Toa hayo yote kwenye milioni na nusu, gawa kwa saba. Sasa toa laki sita nyingine.

Nawaambia wadogo zangu wa Tanga, Mwanza na Bukoba mnaoniandikia "kaka, nifanyie mpango nije Kampala kupiga gitaa". Njooni, sizuii mtu. Kampala inapenda muziki wa vyombo kuliko mnavyodhani. Hapa kuna bendi, Afrigo, iliyoanza mwaka 1975 na bado iko jukwaani. Kwetu, ukitoa Msondo Ngoma, za umri huo ni za kuhesabu. Lakini msije na gitaa na matumaini. Njoo na pasipoti iliyo hai na kadi ya homa ya manjano, maana Mutukula, pale mpakani, ndipo wengi huanza kutoa hela isiyo na risiti. Orodhesha vyombo vyako na namba zake kabla ya kuvuka, upate karatasi yenye muhuri, la sivyo siku ya kurudi nyumbani utalipia ushuru gitaa lako mwenyewe. Nusu ya malipo ipokelewe kabla spika haijapakiwa, na iliyobaki ipokelewe wakati wa mapumziko, kabla ya awamu ya pili. Hilo nimejifunza juzi, kwa laki sita. Na kwa jina la Mungu jifunze Kiganda cha salamu hata kama unajua Kiingereza. "Muli mutya, bassebo ne bannyabo." Ukianza na hiyo, ukafuatisha Kiswahili, watu wanatabasamu. Ukianza na Kiswahili, wanaangalia viatu vyako kama ni buti.

Na uwe na kazi ya pili mkononi. Mwaka 2020 mwezi wa tatu walifunga mabaa na shoo zote kwa ajili ya korona, na hazikufunguliwa mpaka tarehe 24 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Nilikaanga chapati mtaani Kabalagala, Kampala, na mikono ya mpiga besi ikawa mikono ya mtu wa kukanda unga. Hakuna aliyetutumia hata shilingi, si huku si nyumbani.

Alhamisi, yaani siku tano baada ya Masaka, tukapakia tena. Gulu Ijumaa, Arua Jumamosi. Nilikuwa sitaki kwenda. Nilimwambia dada salamu zote zake, mimi maiki siishiki.

Kuna kitu cha ajabu kuhusu barabara ya kaskazini. Kadiri unavyoacha Kampala, Luwero, Kafu, ukielekea Karuma, Kiswahili changu kinapanda bei. Kizuizi cha kwanza askari akamulika tochi kwa Ssalongo, akaanza kuuliza nyaraka za spika kwa Kiingereza kikali. Nikamsalimu kutoka nyuma: "Shikamoo afande, za kazi?" Tochi ikashuka. "Wewe mtu wa wapi?" Tanga. "Tanga! Nilifanya kozi Monduli, chuo cha jeshi lenu." Tukapita bila kufungua hata begi moja. Lugha iliyomlaza kaka yake Ssalongo chini ndiyo iliyomfungulia Ssalongo njia, na yeye akaendesha gari bila kunitazama. Tulivuka Nile pale Karuma, maji meupe kwa chini, nyani wamekaa kando ya lami wakingoja ndizi, na hakuna aliyeongea garini.

Gulu ilikwenda vizuri, sina la kusimulia. Walilipa, tukalala.

Arua tulifika saa nane mchana Jumamosi, jua la kuchoma. Ukumbi ulikuwa nyuma ya gesti, na uani kuna mwembe. Tukapima sauti. Nikanyanyua besi tu, mkanda ukakatika pale kwenye tundu la kifungo, gitaa likaning'inia kwenye goti langu. Besi ni kilo nne na kitu, huwezi kupiga kwa muda wa saa nne umeishikilia kama mtoto. Duka la vyombo hakuna, na shoo ni saa tatu.

Chini ya ule mwembe alikaa mama mmoja wa Kinubi, wale wa kizazi cha askari wa zamani kutoka Sudani, jirani wa ukuta wa pili, anafuma kawa za ukindu, nyekundu, zambarau na kijani, zile za kufunikia sinia. Alikuwa anatusikiliza tangu tulipofika. Akaniita, "Leta hiyo kamba." Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaniangalia muda mrefu. "Nyinyi natoka wapi, watoto yangu?"

Nikasita. Baada ya Masaka nilitaka kusema Mombasa, nikawaza kusema Kampala. Nikasema Tanzania.

Akachukua mkanda, akaugeuza, akanusa ngozi yake. Akatoa shazia kwenye kikapu, ile sindano ndefu ya magunia, akaitia uzi mwekundu wa nailoni uliokunjwa mara mbili. Anasukuma shazia kwa kisigino cha mkono, anaivuta kwa meno, anakaza, anasukuma tena. Huku anaongea. Baba yake alikuwa KAR, ndiye aliyewafundisha Kiswahili nyumbani, pamoja na Kinubi chao. Mwaka 1979 askari walipokuwa wanakuja upande huu, yeye alivuka kwenda Zaire kwa miguu, mtoto wa kwanza mgongoni, sufuria kichwani. Walikaa huko miaka. "Tulikimbia nyinyi," akasema, vivyo hivyo, kama anavyosema ukindu wa mwaka huu ni mkavu. Sikupata la kujibu. Nikasema pole mama. Akasema, "Wewe ulikuwa hujazaliwa. Shika hapa, vuta."

Nikashika, nikavuta. Akapiga mishono kumi na moja, nilihesabu. Halafu akaingia kwake, akarudi na sinia, kawa juu yake: ugali wa muhogo na mtama, na samaki wa kukaushwa kwenye mchuzi wa karanga. Watu saba tukala chini ya mwembe tukanawa mikono kwenye birika lake. Ssalongo, ambaye nimesafiri naye miaka minne na hajawahi kunitamkia Kiswahili, akamwambia "Asante mama." Nilimsikia kwa masikio yangu.

Nikatoa elfu ishirini. Akakataa, akakunja ngumi kabisa. Akataka nimpigie kitu cha kwetu. Besi bila umeme haina sauti, ni kama mtu anayenong'ona, lakini nikakaa kwenye kigoda, akasogeza sikio karibu na mbao, nikampigia taarabu aliyokuwa anaimba bibi yangu Ngamiani akipepeta mchele. Akawa anatikisa kichwa, pole pole, na kufuma hakuacha.

Usiku ule nilishika maiki. "Habari za jioni, Arua, mko salama?" Ukumbi mzima ukaitika salama, mpaka watu wa nje ukutani. Tulipiga hadi saa tisa. Malipo tulipewa wakati wa mapumziko, yote, kwenye bahasha.

Jana nimempigia mwenye baa wa Masaka kuhusu laki sita. Nilitegemea asipokee. Akapokea, akasema tuje tena mwezi ujao, atatulipa deni na shoo mpya kwa pamoja, ila mimi nisiongee kwa maiki. Wenzangu wanasema tukubali, kodi za nyumba zinangoja, na sina ubishi na njaa ya mtu. Nimemjibu hivi: laki sita zifike kwenye simu kabla hatujapakia. Nikifika nitawaamkia kwa Kiganda kwanza, nitawapa pole ya mji wao, kisha nitasalimu kwa lugha ya mama yangu. Na kama yule mzee wa kofia atakuwepo, naomba nikaketi mezani kwake kabla ya shoo, bia yake nitalipa mimi.

Ameona ujumbe. Hajajibu bado.